Ua Moja, Sheria Mbili

Sheria ya Saba ya klabu yetu ya maua ya msituni niliiandika mimi, kwa mkono huu huu, kwa hiyo sitaki kumsikia mtu akitafuta wa kumlaumu. Inasema hivi: hakuna ua litakaloingia katika Kitabu cha Klabu mpaka mmea wenyewe uletwe mezani, umekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, jani, shina na ua, pamoja na mahali, tarehe, idadi iliyokuwepo, jina la aliyeuchuma na sababu ya kuuchuma. Mambo ya "nililiona kwa macho yangu" hatuyataki. Macho ya watu nayajua. Nimepika katika shule ya kaunti yetu ya Tolliver, hapa Ohio, kwa miaka thelathini na mmoja, na watoto wenye sukari mdomoni wameniangalia usoni wakaniapia kwamba hawajagusa keki.

Sheria ya Pili nayo ni yangu, tena ni ya zamani zaidi. Mahali penye mimea isiyofika kumi ya aina moja, haichumwi hata mmoja, na mwanachama atakayechuma jina lake linafutwa. Sheria nzuri. Nilijivunia zote mbili. Kila Januari tulizisoma kwa sauti mbele ya watu wazima wenye akili zao, daktari wa meno akiwemo na mwalimu wa hesabu akiwemo, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeng'amua kwamba ukiziweka pamoja, ua ambalo ni adimu kweli kweli haliwezi kuingia katika Kitabu hata likija kwa miguu yake. Kitabu chetu cha maua adimu kilikuwa kimejaa maua ya kawaida. Mimi mwenyewe jambo hilo nililigundua Machi 1983, nimekaa kitako kwenye tope, kisu mkononi.

Habari ilianza na kokoto. Makamishna wa kaunti walitaka kuukodisha mteremko wa Kijito cha Hobb kwa watu wa machimbo, wapasue mawe ya chokaa wapate kokoto za barabara. Kikao cha kuamua kiliwekwa Alhamisi, tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi. Mteremko ule haujawahi kulimwa tangu dunia iumbwe, maana hata ng'ombe anaogopa kusimama pale. Mimi na mdogo wangu Nola tulilelewa chini yake, kwenye nyumba ya darajani, na kila machipuko tulitambaa mle msituni mpaka mama akatuvua soksi nje ya mlango. Wazo kwamba wataulipua kwa baruti lilinikosesha usingizi na hamu ya kula, na mimi si mtu wa kukosa hamu ya kula.

Nikampigia simu Bi Pruitt, yule binti anayesimamia mimea adimu katika serikali ya jimbo.

"Bi Klinefelter," akasema, "ukinionyesha lile ua la utatu wa theluji pale, nasimamisha kila kitu siku hiyo hiyo. Uko kwenye orodha ya mimea inayolindwa. Sheria iko wazi."

"Basi njoo uutafute."

"Nina kaunti themanini na nane na gari moja bovu. Siwezi kufika kabla ya katikati ya Aprili."

"Katikati ya Aprili ua litakuwa limeshapukutika! Hilo linatoka na theluji bado iko chini."

"Najua, mama. Lakini Kitabu chenu nakikubali bila hata kuja. Vilabu vingine vinaniletea matumaini tu. Ninyi mna ile Sheria ya Saba."

Nakiri kwamba nilifurahi mpaka nikajiangalia kwenye kioo.

Sasa lazima niseme habari za Wendell, ingawa sizipendi. Wendell Stroup alikuwa fundi wa nguzo za umeme na mume wa Nola, yaani shemeji yangu. Na ugomvi wetu haukuanza naye, ulianza na Nola akiwa na miaka tisa. Siku moja ya Machi alirudi nyumbani anahema, akasema ameona ua dogo jeupe limetoboa theluji pale mteremkoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tayari nilikuwa najua kila kitu. Nikamwambia, "Umeona kipande cha karatasi." Basi tangu siku hiyo mpaka tukaolewa, mpaka tukaota mvi, kila Machi ananitania, "Dada, karatasi zangu zimechanua!" Nami namjibu, "Niletee basi hiyo karatasi niione."

Machi 1964 kwenye mkutano wa klabu, kwenye chumba cha chini ya kanisa, ajenda ya kwanza ilikuwa Opal Fetters. Opal alikuwa amechuma ua la kiatu cha bibi mahali yalipokuwa saba, akalitia kwenye chupa ya maziwa dirishani, watu wakaliona. Alilia pale mbele, akasema ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa mama yake. Nilimfuta kwa wino mwekundu huku anaangalia. Ajenda ya pili iliandikwa "Taarifa ya Nola Stroup." Nola akafungua mkoba wake, kisha Wendell akamwekea mkono juu ya mkono, mkoba ukafungwa, na aliyesimama akawa mumewe.

"Utatu wa theluji upo Hobb," akasema. "Nimeuona."

"Uko wapi huo mmea?" nikamuuliza.

"Upo mmoja tu. Siuchumi."

"Sehemu gani basi, twende tukauone?"

"Sisemi."

"Basi hukuuona," nikamwambia, na watu wakacheka, nami nilipenda walivyocheka. Jioni ile ile nikaiandika Sheria ya Saba, na ikapita bila kupingwa. Wendell hakurudi tena. Mjini wakambandika jina, Bwana Theluji, mpaka watoto wakawa wanampigia kelele akiwa juu ya nguzo. Oktoba mwaka ule saratani ikamchukua Nola. Kwenye mazishi nilimpa Wendell mkono, basi. Miaka kumi na tisa tumekaa mji wenye taa moja ya barabarani bila kusemeshana. Ukidhani ni rahisi, jaribu.

Jumanne tarehe ishirini na mbili, saa mbili asubuhi, nilipanda mteremkoni na mkoba wangu: kisu, kioo cha kukuzia, na kile kibanio cha mbao cha kukaushia maua. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli vya mawe tu. Vijiua vya chumvi-na-pilipili vilikuwa vimeshatoka, lakini hivyo viko kila mahali, vina ukurasa wao kwenye Kitabu tangu mwaka wa kwanza. Nilitafuta saa mbili nzima, ninashika mizizi, ninateleza, ninatukana kimoyomoyo, na kwa sauti pia maana hapakuwa na mtu. Nikafika kwenye mwamba uliopasuka katikati, nikapiga magoti nipumzike, na mbele ya goti langu lilikuwepo.

Sikushangilia. Nilifanya kazi yangu kwanza. Nikalala kifudifudi, nikatoa kioo. Majani matatu, sawa. Petali tatu nyeupe, kingo zake zimejikunja kunja. Hayo hata utatu mkubwa, ndugu yake wa kawaida, unayo, na nimeona watu wakidanganyika na utatu mkubwa uliodumaa. Lakini utatu mkubwa wakati ule wa Machi bado umelala chini ya ardhi, na majani yake hukaa juu ya shina moja kwa moja. Haya kila moja lilikuwa na kikonyo chake kifupi, ncha butu, na rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, kama maziwa yaliyoondolewa mafuta. Urefu wa mmea wote haukufika kidole changu cha shahada. Udongo ni wa chokaa. Nikahesabu yote mara tatu. Halafu nikasema kwa sauti, "Nola, mshenzi wewe, ulikuwa sawa," na machozi yakanilengalenga.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma yangu, "ukiinua kiwiko cha kushoto utakuwa umekitoa juu ya wavu wangu."

Nilishtuka karibu nilitafune lile ua. Wendell alikuwa amesimama pale na chupa ya kahawa, kofia ya masikio, miaka sabini na minne yote. Chini ya kiwiko changu kweli kulikuwa na wavu wa kuku, umekunjwa ukawa kama kofia, umeshika kutu.

"Wewe! Unanifuata?"

"Nikufuate? Nimekukimbia miaka kumi na tisa, leo nikufuate na magoti haya?" Akakaa juu ya jiwe taratibu. "Nimekuja kufunika. Asubuhi nalifunua nyuki wafike, jioni nalifunika ili paa wasilile."

"Kila siku?"

"Machi na Aprili kila siku. Miezi mingine huwa najipa likizo."

Nikakaa kitako kwenye tope. "Ndilo lile la sitini na nne?"

"Ndilo hilo uliloniambia sikuliona. Limekuamkia?"

"Usianze, Wendell."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

"Kwa nini hukutuambia liko wapi?"

"Mngekuja na jozi thelathini za buti na mikate yenu ya nyama. Mngelitambua vizuri sana. Mngelitambua mpaka liishe."

Nimeongoza matembezi ya klabu na najua ardhi inavyobaki. Nikamuuliza mengine yako wapi.

"Hakuna mengine. Peke yake halizai, linataka mwenzake. Kila Machi linachanua, nyuki anakuja mikono mitupu, linafunga." Akafungua chupa yake, akamimina kahawa, hakuinywa. "Zamani yalikuwa mawili."

"Paa?"

"Kitu kama hicho," akasema, akaangalia kijito.

Nikamweleza habari za Bi Pruitt na kikao cha Alhamisi. Alikuwa anazijua. Nikamwambia nina njia moja tu ya kuuokoa mteremko, nayo ni kulipeleka ua hili kwenye Kitabu kesho jioni. Nikatoa kisu, akakiangalia.

"Sheria ya Saba," akasema.

"Sheria ya Saba."

"Na ya Pili je?"

Nilianza kumsomea ya Pili kwa kichwa, nikafika kwenye "haichumwi hata mmoja", nikakishusha kisu. Wendell alianza kucheka taratibu, mabega yanatikisika, kahawa inamwagika kwenye glovu.

"Miaka kumi na tisa," akasema akifuta macho, "miaka kumi na tisa nangoja uione mwenyewe. Kuna siku nilitaka kukuandikia barua, nikasema hapana, raha yake ni usoni. Asante, shemeji. Ilistahili kungojewa."

"Umemaliza?"

"Karibu."

"Wakilipua mwamba, na ua litakwenda nao. Nikilikata, angalau mteremko utabaki."

"Mteremko utabaki, na kibao cha serikali cha kulinda ua lisilokuwepo. Hilo lina majani hayo matatu tu kwa mwaka mzima. Ukiyakata, umelinyima chakula." Akaacha kucheka. "Sikukatazi. Mimi si mwanachama. Mkono ni wako."

Nikakishika kisu. Nimekata shingo za kuku kuliko anazoweza kuhesabu mtu, wala sijawahi kusita. Lile shina sikuweza kulikata. Nikakirudisha mkobani, nikateremka bila kumuaga, na hasira zote nilizokuwa nazo sikujua nimtupie nani.

Jumatano saa kumi na mbili jioni klabu ikakutana. Kulikuwa na tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda, saladi ya maharage, pai tatu, na jeli ya machungwa yenye karoti ndani, ambayo ni ya Opal Fetters. Opal haruhusiwi kupiga kura tangu 1964, lakini jeli yake hatujawahi kuifutia uanachama. Mwenyekiti alikuwa Merle Dauterman, yule mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayekera.

"Utatu wa theluji upo Hobb," nikasema. "Nimeuona."

Watu wakashusha uma. Merle akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Dada Ardith, hongera! Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi. Liko moja."

"Moja?"

"Moja."

"Kwa hiyo kulichuma ni kosa, Sheria ya Pili."

"Ndiyo."

"Na bila kulichuma haliingii, Sheria ya Saba." Nikaona hesabu inamfikia usoni taratibu. "Ala!"

"Ndiyo hivyo, Merle. Tubadilishe moja. Ipi yoyote. Sasa hivi."

Akafunua Kitabu, na masikio yakawa mekundu. "Sheria ya Tisa, dada. Badiliko lazima lisomwe katika mikutano miwili mfululizo. Mkutano ujao ni tarehe ishirini Aprili. Na ule wa pili..."

"Sheria ya Tisa aliiandika nani?"

"Wewe."

Mtu mmoja nyuma akasema, kwani tatizo nini, bado kuna mwanga, twende sote tukalione, halafu sote tutashuhudia. Wazo likapokewa kwa shangwe. Watu wakaanza kuvaa makoti, mwingine anafunga tambi kwenye karatasi ziliwe njiani, na mimi nikaziona buti, jozi baada ya jozi, zimepangwa pale mlangoni. Nikazihesabu. Zilikuwa thelathini na moja.

"Kaeni chini," nikasema. "Siwaambii liko sehemu gani."

Merle akanikazia macho, ana huzuni hasa, maana ananipenda, nilimlisha darasa la kwanza mpaka la nane.

"Dada Ardith, usinielewe vibaya. Klabu haiwezi. Ni wewe uliyetufundisha. Kama hakuna mmea, na hakuna mahali, basi..." akameza mate, "basi hukuuona."

Nilisimama pale pale aliposimama Wendell. Sikupanga, meza ndivyo ilivyokaa. Nikajikuta nasema, "Ngojeni. Kuna shahidi. Wendell Stroup aliliona pale mwaka sitini na nne, na jana tumeliangalia pamoja. Nilimwita mwongo humu humu ndani, mkacheka. Hakuwa mwongo. Mjinga wa jioni ile alikuwa mimi, na nimebaki hivyo mpaka jana saa nne asubuhi. Nimemkosea yeye, na nimemkosea mdogo wangu, na nasema hadharani."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeyaogopa maneno hayo kuliko saratani. Nikangoja dari inidondokee. Bibi mmoja akapiga makofi mawili, akasema, "Mungu akubariki, mpenzi," kisha akaniuliza kama nimemalizana na mwiko wa tambi. Wakaketi, wakala pai. Hoja ikaandikwa kuwa imeahirishwa.

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa jikoni nimevaa tayari kwa kikao, bila kitu chochote cha kupeleka, mlango ukagongwa. Wendell. Alivua kofia, akaingia, akaweka juu ya meza yangu kitabu cha mapishi cha Nola, kile chenye gamba la kitambaa lenye madoa ya siagi.

"Opal alinipigia simu," akasema. "Anasema ulisimama ukasema maneno yangu yale yale, mpaka kile kiburi changu ukakitia. Nola angecheka mpaka aanguke."

"Umekuja kunicheka tena?"

"Hapana. Fungua kwenye tambi."

Nikafungua kwenye ukurasa wa tambi. Palikuwa na karatasi nene, na juu yake, umebandikwa kwa vipande vyembamba kama sheria inavyotaka, utatu wa theluji. Ulikuwa umegeuka rangi ya chai, lakini kila kitu kilikuwepo: jani, kikonyo, shina, petali zilizojikunja. Na mwandiko wa mdogo wangu, ule unaolala upande kama umechoka: *Mteremko wa Hobb, chini ya mwamba uliopasuka. 17 Machi 1964. Yalikuwepo mawili. Ameuchuma Nola Stroup.* Na chini kabisa: *Dada, hii hapa karatasi yako. Sasa utanyamaza?*

Nikakaa. Kiti kilikuwepo kwa bahati.

"Alilichuma akuletee," Wendell akasema. "Alikuwa na furaha, we acha tu. Siku tatu nzima anacheka peke yake jikoni. Lilikuwa mkobani jioni ile. Halafu mkaanza na Opal."

"Ukamshika mkono."

"Nikamshika mkono. Akaniapisha usiku ule, na alipokuwa anaumwa akaniapisha tena. Hakutaka ujue amechuma moja kati ya mawili."

"Nisingemfuta, Wendell! Nola? Mdogo wangu?"

"Shemeji," akasema tu.

Nikaangalia ukuta. Ningemfuta. Ningemfuta kwa wino ule ule, halafu ningerudi nyumbani nikajisifu kwamba sina upendeleo. Na yeye alikubali mji mzima umwite mumewe mwongo, na mumewe akakubali kuitwa, ili jina lake lisipigwe mstari na mimi. Wote wawili walinijua kuliko nilivyojijua. Nililia pale mezani na koti langu la kikao, na Wendell akaniachia nilie, akajikaangia yai.

Saa mbili na nusu tulimtoa Merle darasani, tukabandika karatasi kwenye Kitabu. Alisoma Sheria ya Saba kuanzia mwanzo mpaka mwisho akitafuta mahali inaposema mmea usiwe na umri wa miaka kumi na tisa. Haisemi. Akaweka sahihi, mimi nikatia sahihi kwamba ua lingali hai. Kwa haraka ile, hakuna aliyejali kwamba safu ya mwisho, ile ya sababu ya kuchuma, ilikuwa wazi. Saa nne Bi Pruitt alizungumza na makamishna kwa simu dakika sita, na mteremko wa Hobb ukaachwa. Bwana wa kokoto akauliza kwa hasira kama anaweza kuliona hilo ua linalomfukuza. Nikamwonyesha. Akasema, "Hili si limekufa?" Nikamwambia ndiyo, sheria ndivyo inavyotaka.

Mkutano wa Aprili Merle alilazimika kusoma kwamba Nola Stroup amevunja Sheria ya Pili. Watu wakaguna, wakasema jamani, marehemu aachwe, wakapiga kura kwamba sheria haiwahusu waliokufa. Opal akaweka chini sahani ya jeli akauliza, "Kwa hiyo mimi nife kwanza?" Jina lake tulilirudisha jioni ile ile, na niliyeliandika ni mimi. Ombi langu la kuzifuta sheria zote mbili lilisomwa mara ya kwanza. Katika mkutano wa pili lilishindwa kwa kura nyingi. Walisema Sheria ya Saba imeokoa mteremko.

Bi Pruitt alikuja siku mbili baada ya ule mkutano wa Aprili, na gari lake bovu. Mimi na Wendell tulimpandisha mpaka kwenye mwamba. Ua lilikuwa limeshapukutika, yamebaki yale majani matatu, na badala ya tunda palikuwa na kikonyo kikavu. Akapima, akapiga picha, akasema serikali italeta kibao. Kisha akaomba Kitabu, akasoma ukurasa, akakunja uso.

"Bi Klinefelter, hapa pako wazi. Sababu ya kuchuma. Siwezi kupokea karatasi isiyokamilika." Akaangalia yale majani, akaangalia karatasi, akafikiri. "Na samahani, lakini yalikuwa mawili tu. Mawili yangezaa. Leo mteremko wote huu ungekuwa mweupe. Mtu aliyeyajua maua kiasi hiki, kwa nini achume moja?"

Wendell akasema haraka, "Andika 'kwa kumbukumbu', shemeji. Wote huandika hivyo."

Kweli wote huandika hivyo, kurasa zote. Nikatoa kalamu mkobani, nikaweka Kitabu juu ya goti, nikaandika: *Dada yake hakumwamini, akamwambia amletee.*

Bi Pruitt akasoma. Akauliza huyo dada ni nani, kama bado yu hai, maana angependa kuzungumza naye. Nikamwambia ni mimi. Akafunga Kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili. Paa walikuwa wameanza kuteremka kunywa maji, kwa hiyo Wendell akauinua wavu, nami nikashika upande wa pili, tukalifunika.